Kioo cha Mbele Kinataka Watu Wawili

Kioo cha mbele cha gari hakiwekwi na mtu mmoja. Wapo waliojaribu, na vipande vya vioo vyao mpaka leo tunavikanyaga kiwanjani kwetu kila mvua inapofukua mchanga. Kazi yenyewe iko hivi. Kioo kinalazwa juu ya meza iliyotandikwa blanketi, raba mpya inavishwa pande zote. Hiyo raba ina mfereji wa pili, ambao ndio utakaolishika bati la gari, na ndani ya mfereji huo inapitishwa kamba nyembamba ya nailoni, ncha zake zinaachwa zikining'inia. Kisha kioo kinabebwa na kuegeshwa mahali pake kwa nje. Mtu mmoja anaingia ndani ya gari, anazishika zile ncha na kuzivuta polepole. Kamba inavyotoka, mdomo wa raba unapanda juu ya bati. Wa nje naye anapiga kioo kwa viganja, paa, paa, akimfuata mwenzake. Wa ndani akivuta kwa hasira, raba inachanika. Wa nje akipiga kwa papara, mmeshapoteza kioo na siku nzima.

Wa nje pale kwetu alikuwa Mzee Raba. Wa ndani alikuwa mkewe, na watu wakamwita Bi Ndani, hata wateja waliokuja mara ya kwanza. Mimi nashona viti vya magari kwenye kibanda kinachotazamana na chao, kwa hiyo mengi ya haya nisemayo sikusimuliwa. Na nikionekana nina upande, ni kweli ninao, sitaki kumzungusha mtu.

Bi Ndani hakuolewa awe fundi. Aliolewa awe mke, akawa anamletea mumewe chakula cha mchana. Siku hizo wa ndani alikuwa binamu yake Mzee Raba, mtu wa mkono mzito na mdomo mwepesi. Siku moja wakagombana huku kioo kikiwa kati yao, binamu akaivuta kamba kama anayeng'oa jino, akashuka, akaenda zake na hakurudi. Kioo kilikuwa kimeshika nusu, nusu kinaning'inia. Mteja amesimama anatazama. Mzee Raba, wakati huo bado kijana mwenye nywele, akamgeukia mkewe. Mke akaliweka bakuli la chakula chini, akaingia garini.

"Nivute wapi?"

"Vuta kuelekea katikati ya kioo. Usivute kuja kwako."

Akavuta, kioo kikakaa kama kilichozaliwa pale. Chakula kililiwa kimepoa. Kesho yake hakuna aliyemuuliza kama anaitaka hiyo kazi, alikabidhiwa kamba tu. Hilo la kutoulizwa ndilo linaloniudhi mimi, ingawa yeye akilisimulia alikuwa hacheki wala hanuni.

Watu wanaopita njia humwona anayepiga kioo, hawamwoni aliye ndani. Basi niwaambie kulivyo. Milango yote miwili lazima ifungwe, kwa sababu magari yenyewe ni makuukuu, mlango ukiachwa wazi bati linacheza na raba inakataa kukaa. Unapiga magoti juu ya kiti, mgongo umeukunja chini ya paa, kichwa kinagusa juu. Jua linakuja moja kwa moja usoni. Unanusa dizeli, jasho la dereva, na kama bahati yako mbaya, panya aliyefia chini ya kiti tangu lini hakuna ajuaye. Kamba inakukata vidole palepale ilipokukata jana. Bi Ndani alikuwa na mstari kwenye kila kidole cha shahada, umezama, mgumu, hata uzi ungeweza kulala humo. Watoto wake wote walilala usingizi wao wa mchana kwenye viti vya magari ya watu, na wote wamekua, wametawanyika na kazi zao, wanapiga simu siku za mapumziko kumuuliza mama hajambo. Mama hujibu hajambo.

Nyumbani kwao ni vyumba viwili na kibaraza. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa na ufa, limezibwa kwa tambara, na mvua ikija wanasogeza kitanda. Mganga hajigangi. Bi Ndani mwenyewe alikuwa akilitania, "Mume wangu anazibia maji dunia nzima, mimi nalala na beseni miguuni."

Sasa siku ile tulikuwa tunakula mchana, watatu, tumekalia kiti cha nyuma cha gari nilichokuwa nimekitoa nikishone. Bi Ndani alikuwa ameweka kijiko chini kabla chakula hakijaisha. Akasema, bila kubadilisha sauti:

"Mzee, hii pikapu ya vifaranga nikiimaliza, basi."

"Basi nini?"

"Basi kuingia ndani."

Mzee Raba akaendelea kutafuna. "Mgongo?"

"Mgongo, magoti, vidole. Lakini hata vikipona vyote hivyo, mwenyewe nimechoka. Siyo ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Siku hizi nikiona gari linakata kona kuja huku, moyoni naomba lipite."

"Sawa," Mzee Raba akasema.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Si nimesema sawa?"

Nikamwangalia shemeji yangu. Namwita shemeji kwa sababu mkewe ni dada kwangu, si wa tumbo moja bali wa kiwanja kimoja, na huo nao ni udugu. Mtu aliyefanya kazi na mkewe umri wote huo akiambiwa basi, anauliza, anapinga, hata anakasirika. Yeye alisema sawa kama aliyeulizwa anataka chumvi. Sikuipenda ile sawa yake. Lakini dada yangu aliridhika nayo, akachukua kijiko akamalizia chakula, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mchana umkute nyumbani kwake, kwenye kiti kisicho na usukani mbele yake, mwili upate kupumzika ukiwa bado ni wake.

Pikapu ya vifaranga ilikuwa buluu zamani. Mwenyewe huenda kuchukua vifaranga vya siku moja alfajiri na kuwasambazia wafugaji, na maboksi huyaweka kiti cha mbele, kwa sababu nyuma kuna upepo na kifaranga hana ugomvi na upepo, anakufa tu. Raba za milango zilikuwa zimekauka mpaka ukizikunja zinavunjika. Vioo vilicheza barabarani, vumbi liliingia linavyotaka. Ile ya kioo cha mbele kuna mtu alishaipaka lami, akaona haitoshi, akaipaka tena. Mwenye gari alikuwa ameziba kwa matambara, akachoka kuziba. Msimu wa mvua ulikuwa mlangoni.

"Fundi, mimi sitaki urembo," alisema. "Nataka pakauke. Hawa wakilowa, hata ukiwaanika hawarudi."

"Patakauka," Mzee Raba akamjibu.

Milango aliifanya peke yake, hiyo ni kazi ya mtu mmoja. Alizing'oa raba kuukuu kwa bisibisi, akasugua mifereji kwa brashi mpaka bati likaonekana, akazipaka mpya sabuni ya maji na kuzisukumiza kwa kidole gumba. Akapandisha kioo, akashusha, akapandisha. Hakikulia. Mkono wake bado ulikuwa mkono, hilo simnyimi.

Kikaja kioo cha mbele. Alikata raba ya zamani kwa kisu, Bi Ndani akaingia, akalala chali juu ya kiti na kukisukuma kioo kwa nyayo alizozifunga vitambaa, mumewe akakipokea nje. Kikalazwa mezani. Hapa kuna jambo la kuelewa. Raba mpya hukatwa kwenye rola, kwa hiyo ncha zake mbili lazima zikutane mahali. Hapo panaitwa kiungo. Kiungo kinatiwa gundi, kinasubiriwa kikauke, na kinakaa juu, katikati, chini ya ukingo wa paa, mahali maji yanapopita bila kusimama. Hakuna asiyelijua hilo kiwanjani kwetu, hata mama muuza chai analijua.

Siku hiyo Mzee Raba aliivisha raba akiwa ametugeuzia mgongo. Alikawia. Nikadhani anaficha machozi, maana ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho na mwenzake, nikamwonea huruma na kugeuza uso nimwache na heshima yake. Ile huruma yangu natamani ningeidai inirudie.

Bi Ndani akaingia, milango ikafungwa. Akavuta, akapigiwa, akavuta, akapigiwa. Hawakukosea hata mara moja. Kioo kikakaa. Kwa kawaida hapo humwagwa ndoo ya maji kuona kama panavuja, na mimi nilishasikia mtu akiulizia ndoo.

"Hakuna haja," Mzee Raba akasema. "Mwenye gari ana haraka. Na mimi kioo changu kimewahi kuvuja?"

Hakikuwahi, ndiyo maana hakuna aliyebisha. Bi Ndani alikuwa ameshashuka, anajinyoosha kwa kushikilia mlango. Akakung'uta gauni, akatuaga kwa neno moja, akaenda nyumbani kwa miguu, polepole, katikati ya barabara kama mtu asiye na pa kuwahi.

Nilimtembelea mara kwa mara siku zilizofuata. Nilimkuta kibarazani, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kitambaa kichwani, macho nusu.

"Unalala, dada?"

"Nalala, naamka, nalala tena. Mdogo wangu, sikujua kama usingizi wote huu ulikuwa unanidai."

"Na magoti?"

"Magoti yameanza kunisamehe."

Alicheka kwa pua. Nilikaa naye, watu wawili waliochoka ambao hawana haja ya kuuficha uchovu wao. Niliona wivu kidogo. Mimi bado nina mashine yangu na ushuru wa kiwanja, na mgongo wangu nao una maneno.

Kiwanjani mambo yalikuwa mengine. Mzee Raba alifika asubuhi, akafagia, akakaa. Wakija wa raba za milango, anafanya. Wakija wa kioo cha mbele, anawaambia, "Njoo mvua zikishaanza." Nikashangaa. Fundi gani anamwambia mteja aje mvua ikishaanza? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ndiyo hiyo ilikuwa biashara yake.

"Shemeji," nikamwuliza, "unatafuta mtu wa ndani?"

"Yupo."

"Yupo nani?"

"Shona viti vyako, shemeji."

Nikashona viti vyangu. Lakini nilimwona, asiponiona, akienda kusimama mbele ya gari lolote lililoegeshwa, mikono ameiweka juu ya kioo, anatazama ndani ambako hakuna mtu.

Mvua ikaja kama inayolipiza. Ilinyesha kutwa, ikanyesha usiku, na asubuhi pikapu ya buluu ikaingia kiwanjani. Mwenyewe akashuka na boksi mikononi. Laiti angetukana. Alisema taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu:

"Fundi, maji yameingia. Niliwaweka mbele, kwa sababu uliniambia patakauka."

Akafunua boksi. Walikuwa wamelowa, wamelaliana, manyoya yameshikana mpaka unaona ngozi. Wengi walikuwa wamekwisha. Wachache walio pembeni walikuwa wanafungua midomo bila sauti. Nimeshona viti vilivyotolewa kwenye magari ya ajali, nimeona yangu, lakini pale nilishindwa kutazama, nikatazama viatu vya yule bwana.

Mzee Raba yeye alitazama. Alitazama muda mrefu, na uso wake ukawa wa mtu aliyepewa mzigo wa mwenzie akaambiwa ni wako. Halafu akasema, "Naombeni mniitie mama watoto."

Nilikwenda mimi. Nilimkuta amelala, na kumwamsha kuliniuma kuliko nilivyotarajia. Nikamweleza njiani. Alishika mkono wangu tusiteleze.

Alipofika alilitazama boksi kwanza. Kisha akaingia ndani ya pikapu, goti moja, akapumzika, la pili, akaanza kupitisha kidole chini ya raba, kutoka upande wa dereva. Alipofika pembe ya chini ya upande wa pili, pale yalipowekwa maboksi ya vifaranga, kidole kikasimama. Akakitoa, akakitazama kilivyolowa, akakirudisha palepale. Akashuka.

"Baba," akamwambia mwenye gari, "nenda kwa mama chai ukae. Hawa wanaohema wasogeze karibu na jiko lake, usiwafunike sana. Gari utalipata kavu, na leo maji tutayamwaga ukiona."

Yule bwana akaenda. Mafundi wengine nao wakakumbuka wana kazi. Mimi sikukumbuka. Nilikaa mbele ya mashine yangu, mguu juu ya kanyagio, bila kujifanya nashona.

"Kiungo kiko chini," Bi Ndani akasema.

Mzee Raba akaitazama pembe ile.

"Kiko chini, pembeni, na hakina gundi. Mzee, umekosea au umefanya?"

"Nimefanya."

"Ili iweje?"

"Ili gari lirudi." Alikuwa anasugua viganja vyake, kimoja kwa kingine. "Nilijua likirudi limevuja utakuja mwenyewe, hutakubali jina letu liharibike. Nikadhani ni kiti kitalowa, basi. Hao vifaranga sikuwafikiria."

"Vifaranga hukuwafikiria, mimi hukunifikiria. Ulimfikiria nani?"

"Nilijifikiria mimi."

Nilitaka dada yangu ampige neno zito, moja la kumvunja. Nilikuwa na hasira kiasi hicho. Mtu amechoka, amesema amechoka, ameambiwa sawa, kumbe sawa yenyewe ni mtego. Lakini Mzee Raba akaendelea, akitazama chini:

"Nimejaribu siku hizi zote. Nasimama nje ya kioo, ndani simwoni mtu, naona uso wangu mwenyewe. Mimi sijui kusimama hapo hivyo, mama watoto. Sijawahi kujifunza."

Hasira yangu ikapungua bila ruhusa yangu. Hilo nalo liliniudhi.

"Ungesema," Bi Ndani akamwambia.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini ungekuwa umesema." Akavua kitambaa kichwani, akakikunja, akakifunga kiunoni. "Haya, ingia."

"Wapi?"

"Ndani. Leo nje nasimama mimi."

Fundi wa kuchomelea, ambaye hajawahi kuacha neno lipite, akadakia kutoka kwake, "Leo tutamwita Mzee Ndani." Hakuna aliyecheka, akarudi kwenye moto wake.

Mzee Raba alilala chali juu ya kiti kama alivyokuwa akilala mkewe, akainua miguu kukisukuma kioo. Mara ya kwanza hakikutikisika. Mara ya pili alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake. Kikatoka. Bi Ndani na mimi tukakipokea, tukakilaza mezani. Akaivua ile raba, akaziweka ncha zake sawa, akatia gundi, akazibana kwa vidole vyake vyenye mistari. Gundi haitaki haraka, na yeye hakuwa nayo. Tulisubiri. Akapitisha kamba. Kiungo akakiweka juu, katikati, akakikagua kwa kukipapasa huku amefumba macho.

Mumewe alikuwa ameshapiga magoti ndani. Kioo kikaegeshwa, milango ikafungwa. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka lile la baada ya mvua, linalochemsha kila kitu. Haukupita muda uso wa Mzee Raba ukawa unang'aa kwa jasho. Akaanza kuvuta. Akavuta kuja kwake, yeye aliyewafundisha wengine wasifanye hivyo, na raba ikajikunja. Bi Ndani akaweka kiganja juu ya kioo, akamwonyesha kwa kidole: katikati. Akavuta tena. Kamba ikamteleza, akaizungusha kidoleni, ikamkata. Niliuona mdomo wake ukisema kitu, kirefu kidogo. Hatukusikia. Bi Ndani akatikisa kichwa, akaonyesha kamba, akapiga kioo. Paa.

Walikwenda hivyo mpaka pembe ya mwisho. Kuna wakati alisimama kabisa, paji la uso limeegemea usukani, na mimi nikainuka nikafungue mlango. Dada yangu akanizuia kwa jicho. Hakuwa anamkomoa. Nilimwona usoni, alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayejua mwenzake yuko wapi njiani na kipande gani kimebaki. Mzee Raba akainua kichwa, akavuta kilichobaki. Kamba ikatoka yote.

Mwenye gari akaitwa. Maji yakamwagwa ndoo baada ya ndoo, juu, pembeni, kwenye pembe ile ya chini. Yeye mwenyewe akapapasa kwa ndani, akapitisha mkono mbele ya Mzee Raba aliyekuwa bado amekaa humo.

"Pakavu," akasema. Hakuongeza pole wala asante, na hakuwa na deni la kutupa yoyote kati ya hizo. Alirudi kwa mama chai kuwatazama wale waliokuwa wanahema.

Mzee Raba hakushuka. Bi Ndani akafungua mlango, akasimama pembeni yake.

"Ndivyo kulivyo humu?" Mzee Raba akamwuliza.

"Ndivyo."

"Na siku za jua kali?"

"Mbele ya siku za jua kali, leo ni kivuli."

Akavitazama vidole vyake. Kimoja kilikuwa kinatoka damu kidogo, palepale mkewe alipokuwa na mstari. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kila siku," Bi Ndani akasema. Hakuwa na ukali, alikuwa amechoka tu. "Niliongea humo ndani miaka na miaka. Ulikuwa unaniona mdomo unacheza, unapiga kioo."

Mzee Raba akakifuta kidole kwenye suruali. Ningedhani analia, lakini safari hii sikuwa na haraka ya kudhani. Kisha akasema, "Kesho usije."

"Sikuwa na nia ya kuja."

"Najua. Nasema mimi pia. Usije. Vioo vya mbele nitawaambia watu sifanyi. Milango naiweza peke yangu."

Alitaka kushuka, mguu ukakataa, ulikuwa umekufa ganzi kwa kukunjwa. Bi Ndani akamshika kwapani akamtoa, akamwegemeza kwenye pikapu, naye akaegemea hapohapo ubavuni mwake. Walikaa hivyo, wakisubiri damu irudi mguuni ndipo waende nyumbani.